Mama Eliamani na Platuni ya Mbuni

Kuna Jumamosi moja haijanitoka kichwani, mwanangu, ingawa mengi ya miaka ile yameshapotea. Nilikuwa binti, nimeshuka kutoka Kibosho, nimepanga chumba mtaa wa Soweto, na kazi yangu ilikuwa kuchambua kahawa kwenye ghala la mnunuzi mmoja mjini Moshi. Ndiyo miaka wanunuzi binafsi walipoanza kuruhusiwa, kila kona ikawa na ghala jipya na kibao kipya. Jumamosi hiyo nilipita kwa muuza vitabu vikuukuu karibu na stendi, nikaona mgongo wa kitabu umeandikwa Platuni ya Mbuni. Mti wa kahawa si unaitwa mbuni? Nikadhani ni kitabu cha kilimo, nikakinunua nimpelekee baba. Kufika chumbani nafungua, nakuta mbuni mwenyewe ni yule ndege mwenye miguu mirefu, na platuni ni ya wanajeshi!

Baba hakukiona kitabu kile. Nilianza kukisoma nimesimama, nikaja kushtushwa na harufu ya maharage yakiungua. Mwandishi alijiita Habil Mkwazu, jina ambalo sikuwahi kulisikia. Risasi zilikuwamo, ndiyo, lakini zaidi kulikuwa na mvua, soksi zilizolowa, na koplo mmoja mpishi aitwaye Songoro, aliyeunguza uji wa kikosi kizima kila asubuhi na kumlaumu adui.

Jumatatu nikaenda nacho kazini. Wakati wa chakula nikajibanza nyuma ya magunia nisome peke yangu. Kicheko kikanisaliti.

"Apolonia! Unacheka na nani huko?"

Aliyeuliza alikuwa Mama Eliamani wa Kirua Vunjo, mkubwa wetu kwa umri pale kwenye meza ya kuchambulia, Mlutheri aliyeanza kila siku kwa wimbo na kuimaliza kwa kutukemea.

"Na kitabu, Mama."

"Na sisi tumekukosea nini hata ujifiche kucheka? Njoo hapa usome kwa sauti. Mikono yetu ina kazi, masikio yamekaa bure."

Nikaona haya mpaka shingoni. Nikatoka, nikasimama kwenye ncha ya meza, nikaanza ukurasa wa kwanza. Niliposoma neno jeshi tu, Mama Eliamani akachukua ungo wake, akaenda kukaa mwisho kabisa wa meza, mgongo kwetu.

Jirani yangu akaninong'oneza sababu. Eliamani alikuwa kitinda mimba wake, na wewe unajua kwetu Uchagani kitinda mimba ndiye hubaki na nyumba ya wazazi na kihamba chake, yaani shamba la ukoo, migomba na kahawa. Yule kijana alikwenda jeshini. Mama akamwambia kama anapenda bunduki kuliko migomba ya baba yake, basi asirudi. Tangu hapo kila salamu aliyotuma kwa watu haikujibiwa.

Nilitaka kuacha kusoma. Wenzangu wakakataa, wamekwishampenda Songoro. Basi nikaendelea kila siku wakati wa chakula, na hata baada ya hapo, kwa sababu wenzangu waligawana fungu langu la kahawa ili mimi nisome tu. Mama Eliamani alibaki kule kule na mgongo wake. Mpaka siku moja Songoro alipopata homa, askari wenzake wakawa wanabishana wamfanyeje, tukasikia sauti ikitoka mwisho wa meza:

"Kwani hao hawana tangawizi?"

Mwanangu, tulicheka mpaka msimamizi akaja mbio. Alikuwa mtu wa kununa, akasema kitabu na kazi havikai meza moja, nikifunge. Nikakifunga. Kesho yake asubuhi akapita karibu yangu, akajikohoza, akauliza chini chini, "Yule mpishi, alipona?" Kitabu kikafunguliwa.

Kiliisha vibaya, kikosi kimezingirwa juu ya kilima. Tukalalamika kama watoto walionyang'anywa chakula. Ndipo nikageuza jani la mwisho, nikakuta majina ya vitabu vingine vya mwandishi yule yule, vya platuni ile ile, yamejaza ukurasa kutoka juu hadi chini na mengine upande wa pili.

"Mtu huyu analala saa ngapi?" akauliza Mama Eliamani. Wakati huo alikuwa amekwishasogea hadi katikati ya meza, na sisi tulijifanya hatukuona.

Tukaanza kuwinda. Kimoja kilipatikana kwenye kabati la katekista, cha pili kilikuwa kinatumika kuziba dirisha la saluni. Lakini aliyetushangaza ni Mama Eliamani, aliyekuja na kimoja kutoka gulio la Himo, amekifunga kwa jani kavu la mgomba kama anavyofunga siagi. Alikibadilisha kwa mkungu wa ndizi.

"Nimeona kinanyeshewa," akasema, akakitupa mezani.

Katika kitabu hicho Songoro alipewa likizo. Alisafiri mpaka kwao, akafika langoni jioni, akamsikia mama yake ndani akiimba. Akasimama. Aliogopa kwamba mama akimwona ataacha kuimba. Akageuka, akarudi kambini, na wenzake walipomuuliza habari za nyumbani akasema wazima wote, wanawasalimu.

Nilipofika hapo nikainua macho. Nikatazama meza. Mikono yote ilikuwa inachambua isipokuwa miwili.

"Rudia hapo," akasema Mama Eliamani.

Nikarudia.

"Huyu mwandishi, mama yake yuko hai?"

"Sijui, Mama."

Akarudi kuchambua. Kisha akatuambia, akiwa ameinamia kahawa yake, "Krismasi iliyopita watu walimwona Eliamani karibu na kanisa letu. Alifika barabarani tu, hakuingia kwangu, kisha akapotea. Nikasema ni dharau, amekuja kujionyesha kwa majirani. Siku hiyo nilikuwa najifunza nyimbo za kwaya, naimba nyumba nzima."

Jioni ile alikwenda stendi, akamtafuta mpwa wake aliyekuwa kondakta wa basi la Arusha, akampa ujumbe wa kumpelekea mwanawe kambini: mwambie Krismasi hii nitapika mtori wa ndizi na nyama, na chungu changu hakijui kupika kidogo.

Mimi nilialikwa, Mkatoliki peke yangu katika nyumba ya Walutheri. Nilifika mama akiwa amekwishapanga viti, kuvipangua na kuvipanga tena. Tukaona kijana mrefu anashuka kati ya migomba, mkononi ameshika jani la isale, ambalo kwetu mtu akikuletea kuomba msamaha huwezi kumfukuza. Akasimama mbali kidogo.

"Shikamoo, mama."

Mama yake akamtazama kuanzia kichwani, akashuka mpaka chini, macho yakaishia miguuni.

"Huko mnakolala," akasema, "mnaruhusiwa kuvua viatu?"

Kijana akachanganyikiwa. Akanitazama mimi, kama vile nina jibu. "Inategemea, mama. Tukiwa lindo hatuvui."

"Na soksi zikilowa?"

"Tunazikausha tumboni, chini ya shati."

"Marahaba," akasema mama. "Weka hilo jani, uje ukae unieleze."

Wakakaa mpaka mtori ukapoa. Alimuuliza kuhusu uji, homa, nani anawanyoa nywele. Eliamani alipokipitia kitabu chetu nilichokuja nacho akacheka akasema Mkwazu huyu hajawahi kupiga kwata hata siku moja, bunduki anayoandika haiko duniani. Mama yake akamkatiza: "Usimseme vibaya mtoto wa watu. Ameandika vyote hivyo, unadhani ni mchezo?"

Kuhusu kihamba walikubaliana binamu akitunze mpaka Eliamani astaafu, na amestaafu kweli, ndiye yuko pale sasa. Mama yake alimfaidi miaka mingi kabla hajatutoka.

Sasa nikuambie ninalotaka ubaki nalo, mwanangu. Ukipata kitabu kikakufurahisha, msomee mtu aliye karibu nawe, hata kama unaona haya. Hujui kitamgusa wapi. Wala usikidharau kwa kuwa mwandishi wake ana vingi, au kwa kuwa wenye shule zao wanakiita cha kupotezea muda. Na kama kuna mtu wa damu yako mliyenuniana naye, usianze na kesi yenu. Muulize anakula nini huko aliko, analala vipi, baridi inamwingia wapi. Muulize na ukae usikie jibu.

Mungu akujalie watu wa kukusomea na watu wa kukusikiliza. Akufikishe nyumbani ukiwa na hamu ya kufika, na ukute mlango uko wazi na mtu anaimba ndani.