Fundi amefuta jina la Koku

Leo nimeharibu kazi ya fundi mbele ya macho yake, na sijutii.

Nilimpelekea gari ya marehemu mwanangu hapa Bukoba. Rangi ya dashibodi imeoza, inanata mikononi kama gundi.

Nikamwambia, safisha kote upake upya, ila mfuniko wa droo usiuguse. Mwanangu aliandika pale kwa msumari, "Koku", siku binti yake alipozaliwa. Ukimwi ulimchukua Koku akiwa bado anatambaa.

Narudi, nakuta mfuniko unang'aa.

"Ma, nao ulikuwa unanata. Nimeupiga msasa."

Masikio yako ya kazi gani?

Rangi ilikuwa bado mbichi. Nikachukua ufunguo, nikaandika Koku mwenyewe. Herufi zimepinda, shule sikumaliza.

Fundi kashika kichwa.

Haya, nani ananiambia nimeharibu gari?