Garde imefungwa na waya, halafu unaniita niombee mashine

Wakuu, amani iwe kwenu. Mimi ni muzee wa kanisa hapa Goma. Namshukuru Mungu kwa mengi, na hasira si desturi yangu. Leo ninayo. Nitawaeleza nilichokiona kwa macho yangu, bila chumvi.

Papa Bahati, seremala wa Ndosho, alikuwa anatutengenezea benchi za kanisa kwa mbao za nyumba iliyobomolewa. Mnazijua mbao hizo: misumari imejificha ndani, na mchanga wa volkano umejaa.

Scie yake, ule msumeno wa umeme, ilikuwa imekufa. Muuzaji wa vifaa akamletea disque ya kukatia mbao, duara la chuma lenye meno makubwa, aifunge kwenye meuleuse, ile mashine ndogo ya kukatia chuma.

Haikuingia. Basi muuzaji akafungua garde, kile kifuniko kinachokinga mkono, akaiweka kando.

Nikauliza kama ni salama.

Muuzaji akanijibu: "Muzee, wewe fanya kazi ya Mungu, tuachie ya mbao."

Watu wakacheka.

Ubao wa pili tu, meno yakagonga musumari. Mashine ikaruka, ikamwangukia Bahati mkono wa kushoto. Vidole viwili vikaenda.

Jamani, disque imeandikwa mwendo inaoweza kuvumilia. Meuleuse inazunguka kwa kasi kuliko huo! Disque ya mbao ni ya scie ya mbao. Meno machache kwa kupasua ubao kwa urefu, meno mengi kwa kukata kwa upana. Na misumari hung'olewa kwanza.

Jumapili, muuzaji huyo akasimama kanisani, akashuhudia kwamba shetani ameshambulia kazi ya Bwana. Watu wakasema amina.

Mimi nikasimama. "Shetani hakufungua ile vis inayoshika garde. Ni wewe uliyeifungua."

Wengine wanasema nilimwaibisha mutu mbele ya kanisa. Sijatubu.

Juzi mdogo wake Bahati, anayemalizia benchi, akaniletea scie ya kweli niiombee. Nikaitazama: garde imefungwa juu na waya, eti inamusumbua.

Nikakataa. "Kata waya kwanza."

Akasitasita. Bahati, mkono ungali na bandeji, akachukua koleo kwa mkono wa kuume, akaukata mwenyewe. Garde ikashuka, tak.

Hapo ndipo nilipofumba macho, nikaomba.

Sala haichukui nafasi ya garde, wakuu. Nani kati yenu ameifunga yake na waya? Semeni hapa, bila haya.