Chumba Kinachotazama Kaburi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa tai, nikidhani mthamini wa nyumba ni mtu wa mezani. Bosi wangu, Mthamini Mkuu, alinipeleka Tabata kwa miguu, akanikabidhi futi kamba na kunisukuma uani. "Anzia chooni," alisema. "Sebule wameipaka rangi kwa ajili yako. Choo hawakukikumbuka."

Nyie vijana mnaoingia kwenye fani sasa mna simu za kupimia, lakini kazi ni ileile: kukadiria nyumba ili benki ijue itapata nini mkopaji akishindwa kulipa. Kuna njia ya kulinganisha na nyumba za jirani zilizouzwa. Kuna njia ya kodi, yaani unatazama nyumba inaingiza nini kwa mwaka, unatoa matengenezo na ile miezi chumba kinakaa kitupu. Darasani njia zote zinanyooka. Mtaani, mkataba una bei yake, jirani ana yake, na dalali ana mbili.

Baadaye nilihamishiwa Temeke kwa Meneja wa Tawi la benki aliyependa namba kubwa. "Mthamini, huyu mteja ni mtu mzuri sana," alikuwa akiniambia, "hebu kaitazame tena hiyo nyumba." Nilikwenda kuitazama, nikaikuta vilevile. Mwisho nilihamishiwa Kinondoni, na huko nikastaafu.

Kiinua mgongo kilipotoka, mke wangu, Mama Neema, alitaka tujenge vyumba vya kupangisha Goba. Hapo ndipo akili iliponiruka. Mita ya umeme ikiwa moja, nani atanunua umeme? Tudai kodi ya miezi sita kwa mkupuo, au ya kila mwezi, ambayo wapangaji wanaiweza lakini utaipata kwa kufukuzana? Kiwanja kisicho na hati, chenye karatasi ya serikali ya mtaa tu, tukinunue? Maswali hayo niliwajibu wengine miaka yote bila kupepesa macho. Sasa asubuhi nilisema ndiyo, jioni hapana.

"Baba Neema," mke wangu akanicheka, "umewathaminia watu mji mzima, haka ketu kamoja kanakushinda?"

Kiwanja alichotuonyesha dalali kilikuwa rahisi mno, nikajua kuna jambo. Nyuma ya migomba palikuwa na kaburi. "Hilo lisikutishe, mzee wangu," dalali akasema. "Wanakujaga mara mojamoja tu kusoma dua."

Muuzaji, Bi Mwanahawa, mama wa rika langu aliyezaliwa hapohapo, alisema amelala humo mama yake mzazi. Alikuwa anauza ili akaishi kwa mwanawe Mbagala. Hakubishana juu ya bei. Aliomba kitu kimoja tu: "Mkijenga, mniachie njia ya kufika kwa mama."

Njia hiyo ilikula chumba kizima. Kwetu Moshi marehemu huzikwa kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo, na kihamba hakiuzwi, kwa hiyo sikuelewa kama nimenunua kaburi au nimelizunguka tu. Nilimuuliza mwenyekiti wa mtaa kaburi ni la nani. "La kwao," akasema. Na ardhi iliyo chini yake? "Ya kwako." Akagonga muhuri kwenye karatasi ya mauziano, nikatoka nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia.

Tulijenga vyumba vitano. Vinne vilipata watu upesi. Cha tano dirisha lake linatazama kaburi. Kila aliyekuja alifungua dirisha, akashukuru, akaondoka. Mama Neema alitundika pazia zito, nami nikashusha bei, wapi! Niliogopa kweli, maana kodi ya chumba hicho ndiyo niliyoipangia dawa zangu za presha.

Siku moja Bi Mwanahawa akapiga hodi. Nilidhani amekuja kuzuru kama kawaida, lakini alikuwa na begi la nguo.

"Kwa mwanangu pamenishinda, Baba Neema. Mkamwana ana maneno. Nasikia kile chumba cha upande wa mama hakijapata mtu."

"Hakijapata," nilisema.

"Basi nipe mie. Kodi yake shilingi ngapi?"

Mke wangu alinitazama. Bi Mwanahawa alishika pochi yake, akisubiri kutajiwa bei ya kulala mahali alipozaliwa.

Anakaa humo hadi leo. Kila mwisho wa mwezi ananiuliza tena, nami namwambia bado napiga hesabu.