Mwenye Ndevu Ndani ya Bomba

Baba alikuja Mpanda kwa ajili ya macho. Hospitali walimwambia kilichopotea hakirudi, wakampa dawa ya matone ya kulinda kilichobaki, naye akawa anakaa kwangu kati ya kliniki moja na nyingine. Mtu aliyezoea kuamka Karema, ziwa likiwa mlangoni, sasa alikuwa anaamkia ukuta wa jirani.

Sikuwa namjua vizuri. Mama alifariki sijaanza kutembea, na baada ya matanga ndugu walikaa kikao, wakaamua nipelekwe Sibwesa kwa mama mdogo, kwa sababu mwanaume hanyonyeshi. Ndivyo inavyofanyika kwetu. Mama mdogo alinilea kwa mapenzi, sina la kumlaumu, ila kila nilipomuuliza kuhusu baba alinijibu kwamba siku ile ya kikao hakusema hata neno. Nimekua na jibu hilo. Kwa hiyo tulikuwa watu wazima wawili sebuleni, tunaulizana kama chai ina sukari.

Kilichotuokoa ni samaki. Mteja wangu mmoja wa cherehani alihamishwa kikazi, akaniachia tangi lake la kioo na pampu yake. Wale samaki wa rangi nzuri niliwaua mwenyewe kwa kuwamwagia maji ya bomba moja kwa moja, bila kuyalaza kwanza kwenye ndoo ili dawa ipungue. Walibaki wawili, weusi wenye madoadoa, wamejibandika kwenye kioo kwa midomo. Yule mteja alikuwa akiwaita wasafisha kioo, basi.

Baba akavuta kiti mpaka pua yake ikakaribia kugusa tangi. Nikamwambia hao ni kambare. Alinicheka, na nadhani ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka. Akasema kambare ana ngozi ya utelezi na sharubu ndefu, hawa wamevaa mabamba magumu, na mdomo wao umekaa chini ya kichwa. Akatazama tena. Mmoja alikuwa na vinyama vimechomoza puani, vina matawi kama tangawizi. Mwenzake pua yake ilikuwa laini. Akasema huyu ni bwana, yule ni mke. Nikatafuta kwenye simu nikakuta kwao ni Amerika ya Kusini, na kwamba mzee amepatia: wenye ndevu nyingi ndio madume. Nikamsomea na mengine, kwamba jike akishataga anaondoka, na dume ndiye anayebaki na mayai pangoni, anayapepea kwa mapezi, wala hatoki kwenda kula.

Baba akaniomba niisome tena hiyo sehemu.

Tangu hapo akapata kazi. Alikata kipande cha bomba la plastiki, akakiziba upande mmoja kwa jiwe, kikawa pango. Alichemsha gogo la mti akalizamisha, maana wale samaki wanapenda kukwangua mti. Tango na mchicha alikata mwenyewe kwa kupapasa. Umeme ukikatika na pampu ikasimama, alichota maji kwa kikombe na kuyamimina kutoka juu ili yapate hewa, mpaka nikamwonea huruma nikampokea. Siku moja akasema anataka kuwaona watoto wao kabla taa zake hazijazimika. Alisema kwa utani, nami nikacheka, lakini iliniuma.

Mayai yalikuja. Nilimulika kwa tochi ya simu, tukayaona yameshikana chungu moja, rangi ya mawese, na dume amelala juu yake akipepea. Rangi hiyo baba aliiona vizuri. Siku hiyo hakutaka hata kwenda kuota jua nje.

Kesho yake nilikwenda sokoni kununua uzi. Niliporudi nilimkuta mama mdogo ameingia kutoka Sibwesa na mfuko wa karanga, amekunja mikono ya gauni, amejaa furaha. Mama mdogo anafuga sungura, na mfuga sungura yeyote atakwambia dume halali na watoto, litawamaliza. Alikuwa ameona mwenye ndevu amekalia mayai. Akaingiza mkono, akaliinua bomba, akamkung'uta nje, akamtia kwenye beseni. Mayai akayaacha na mama yao.

"Nimewaokolea," aliniambia. "Shemeji alikuwa amekaa tu hapo anaangalia."

Nilimrudisha dume haraka, akakimbilia nyuma ya gogo, hakulitaka tena bomba. Nilijaribu kumimina maji kwa kikombe juu ya mayai kama baba alivyokuwa akifanya. Hayakusaidika. Yalianza kuwa meupe, kisha yakaota ukungu kama pamba. Mama mdogo alipoelewa alilia, akaomba msamaha kwa samaki na kwa watu.

Nilimgeukia baba. Nilimuuliza kwa nini hakumzuia, na yeye alijua, nilimsomea mara mbili.

Akasema, "Hata siku ya kikao chako nilikuwa na la kusema. Nilitaka kuwaambia uji naweza kupika, mtoto aachwe. Nikaona wanawake wamekaa pale, wanajua kuliko mimi. Nikanyamaza. Na safari hii nimenyamaza vilevile."

Tunasema majuto ni mjukuu. Baba alikuwa amemlea huyo wake miaka yote ambayo hakunilea mimi. Nilitamani mtu angeniambia hayo nikiwa Sibwesa, nikiwa mdogo, nikikodolea macho njia ya kwenda ziwani. Mvua zilipokaribia akasema barabara itaharibika, bora arudi kwake. Sikuwa na samaki wadogo wa kumzuilia.

Wametaga tena mwaka huu. Mama mdogo alikuwepo, akakaa mbali na tangi, mikono amejikumbatia nayo. Sasa kioo kimejaa vitoto vyenye matumbo ya rangi ya mawese, vimejibandika kama baba yao. Nilimpigia baba kwa simu ya jirani yake. Macho yake siku hizi yanatofautisha mchana na usiku tu, kwa hiyo nilimweleza kila kitu taratibu: wako wapi, wakubwa kiasi gani, wanavyoyumba pampu ikivuma.

"Baba yao yupo?" akauliza.

Nikamwambia yupo, bado yuko ndani ya bomba na watoto ambao hawajatoka.

Nilimsikia akivuta kiti.

"Basi msimtoe," akasema.