Kondoo Wekundu wa Mama

Enzi zetu kule Bahati, dawa ya minyoo ilikuwa ya watoto, si ya kondoo. Kondoo wa mama walikuwa wa Kimaasai, wekundu, mkia mnene, na walikula majani ya bondeni mvua nzima bila hata kukohoa. Sisi tuliwachunga na gunia kichwani, tukicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka mmoja aingie mahindi ya jirani, kisha sote tuchapwe.

Kila Jumamosi mama aliwakamata mmoja mmoja akawafunua kope la chini la jicho. Ndani pakiwa pekundu, alimwachilia. Pakiwa peupe, minyoo imemnyonya, huyo hakuzaa tena, alingojea Krismasi. "Mnyonge tunamla, mwenye damu anazaa," alisema mama. Nasi watoto tuliomba kimoyomoyo apatikane mwenye kope jeupe, maana nyama ilikuwa tamu.

Siku hizi boma liko mikononi mwa mdogo wangu Njoroge, na huyo atanitoa roho. Alienda maonyesho ya wakulima Njoro, akaona kondoo wa kigeni waitwao Dorper, mwili mweupe, kichwa cheusi, mnene kama gunia la viazi, akapagawa. Alileta dume na majike, kisha akawahasi madume wekundu wote wasimharibie mbegu. Nilimsihi abakishe mmoja tu.

"Sister, wacha ushamba," akanicheka. "Hizo za mathe ni ndogo, hazina soko."

Mvua ikaja. Dorper wakaanza kuharisha, wakavimba chini ya taya, wakafa. Njoroge alibadilisha dawa ya minyoo, akalaumu duka, akalaumu mvua, akalaumu hata jirani. Wekundu walikula majani yaleyale wakinenepa. Hilo hakuliona mpaka dume lake lilipokufa, ndipo akanipigia simu nimtafutie dume mwekundu. Nilizunguka Bahati yote, nikafika Njoro. Kila boma lilikuwa na Dorper, na kila mtu alikuwa amewahasi wekundu kama yeye. Majike ya mama yaliyobaki yamezeeka. Yakifa bila kuzaa, mbegu ya mama imekwisha.

Jumamosi nilienda bomani kwa Njoroge nikamkamata mmoja wa madume waliohasiwa, nikamfunua kope. Ndani palikuwa pekundu, pekundu kabisa, kama enzi za mama.

Njoroge alisimama kando yangu na chupa ya dawa mkononi. "Sister," akaniuliza polepole, "huyu hawezi kurudishwa awe dume tena?"

Nilitikisa kichwa. Sisi tulikula wanyonge tukawaacha wenye damu wazae; yeye aliwahasi wenye damu. Nilimwachilia yule dume, akarudi malishoni kwa mbio, mzima kuliko wote.