Mswaki wa Baada ya Adhuhuri

Wenzangu wanaoneana wivu kwa waume, kwa nyumba za kitajiri za Kiriri, kwa mashoga wanaosafiri kila mwaka. Mimi nilimwonea wifi yangu wivu kwa kijiti cha mswaki, urefu wa kidole, tena nilichokinunua mwenyewe. Usinicheke kabla sijamaliza.

Kwetu Buyenzi mama alikuwa na sheria moja ya Ramadhani ambayo hakuna mtoto aliyethubutu kuichezea. Asubuhi sugua meno mpaka uchoke, ruksa. Jua likishapinduka, mswaki unalala. Kupiga mswaki baada ya adhuhuri ukiwa umefunga ni makuruhu, alisema, kwa sababu ile harufu ya kinywa cha mfungaji Mungu anaipenda kuliko miski, na wewe ni nani uende ukaisugue? Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake.

Alasiri, tukitoka madrasa, alituita barazani mmoja mmoja. "Achama!" Unaachama. Analeta pua yake mpaka inakaribia kugusa meno yako, ananusa, ametulia kabisa. Ukinuka dentifrisi, ile dawa ya meno ya dukani, umekwisha. Kwake maana yake ilikuwa moja tu: umekunywa maji ya bomba, halafu ukapiga mswaki kuficha. Mimi nilikamatwa, na kofi nililopigwa siku ile, wallahi, hata leo nikipita karibu na lile bomba shavu linanikumbusha. Ndugu yangu, kitinda mimba, yeye hakunuswa hata siku moja. Eti bado mdogo. Alikuwa mdogo mpaka akaota ndevu. Haya, hilo tuliache.

Huyo mdogo sasa ni fundi wa magari. Alivuka mpaka kwenda Uvira kutafuta vipuri, akarudi na vipuri na mchumba. Binti alikuwa Mkristo, akasilimu, na Fatiha alijifunzia jikoni kwetu, huku anasonga ugali, mama amekaa kigodani anamsahihisha. Mimi nilijifunza kwa fimbo. Yeye alijifunza kwa "pole pole, mutoto yangu, rudia tena." Nikawa nasikia hayo nikiwa uani nafua, nguo nikizikamua kama zimenikosea.

Halafu ana meno. Meno ya wifi yangu ni meupe, yamepangana, na akicheka anacheka nayo yote, hata ya nyuma unayaona. Mimi fizi zangu nikizigusa tu zinatoka damu, kwa hiyo nacheka nimeziba mdomo na kanga. Watu wanasema nina haya. Haya gani!

Kisha mama akapata kiharusi. Upande wa kulia wote ukalala: mguu, mkono, na nusu ya mdomo. Akila, chakula kinabaki shavuni na yeye hana habari. Maneno yalirudi, taratibu, lakini mkono haukurudi, na daktari akamkataza kufunga. Mama alilia kuliko alivyolilia mguu. Ramadhani ilipoingia tukampikia uji wake wa mchana, akaunywa chumbani, pazia limeteremshwa, na akatuomba tusipite dirishani wakati anakunywa.

Mimi ndiye niliyekuwa namwinua kila asubuhi kabla sijaenda kazini Rohero, kwenye duka la vitenge. Namkumbatia kifuani, namsimamisha, namkokota hadi bafuni, nimekaza macho ukutani ili nipate nguvu. Mama ni mwanamke mzito. Simba huyo hainuliwi na yeyote tu, nilikuwa najiambia, huinuliwa na binti yake.

Na mswaki pia nilinunua mimi, kwa yule mzee anayeuza mlangoni pa msikiti Ijumaa. Nikachagua vijiti vibichi, nikaviloweka. Sasa mwenye kuujua mswaki anajua kwamba kijiti lazima kitafunwe ncha kwanza, kilainike, nyuzi zifunguke, ndipo kisugue. Mama hawezi tena kutafuna hivyo. Basi lazima mtu amtafunie. Mimi nikakumbuka kisa tulichofundishwa madrasa, jinsi Bibi Aisha alivyomlainishia Mtume mswaki kwa meno yake mwenyewe wakati wa kuagana. Kulainishia mtu mswaki si kazi ya kila mtu. Ni kazi ya mtu wa moyoni. Asubuhi ya kwanza ya mfungo nikachukua kijiti, nikakipeleka mdomoni.

"Apana," mama akasema. "Mupe mwenzako. We, fizi yako inatoka damu."

Mwenzangu! Nikampa. Wifi akatafuna kwa yale meno yake, kra kra, akatema mate pembeni kwa adabu, akainama kumsugua mama. Mama akaachama. Yule mwanamke aliyetuachamisha sisi, leo ameachama mbele ya mgeni wa jana, na amefumba macho kwa raha. Nilikwenda kazini siku hiyo nikampimia mteja kitenge kifupi, akanirudia kwa matusi, na matusi yakanifaa.

Basi ikawa hivyo kila asubuhi. Jioni nikirudi namkuta mama barazani, ameogeshwa, kilemba kimefungwa, na nikimbusu mkono nasikia harufu safi ya mswaki. Nikawa nahesabu hiyo harufu kuwa ya asubuhi, na bado iliniuma. Nilitaka angalau siku moja anuke kazi yangu.

Siku moja umeme ulikatika mjini, patroni, mwenye duka, akafunga, nikarudi mapema. Muadhini wa adhuhuri alikuwa ameshamaliza zamani, watu wametoka msikitini. Nasukuma mlango wa uani, naona nini? Wifi yuko mkekani, kijiti mdomoni, anatafuna. Amefunga, na jua limepinduka. Mama ameegemea mto anamsubiri, kinywa tayari kiko wazi.

Niliona giza. "Ehe!" nikasema. "Kumbe!"

"Dada, karibu," wifi akasema, akatoa kijiti haraka. "Mate siimezi. Mi natema yote. Bwana yangu alisema akuna shida."

"Bwana alisema! Huyo bwana wako hakunuswa hata siku moja!" Nikamgeukia mama. Sijawahi kumpandishia mama sauti, lakini siku hiyo ilipanda yenyewe. "Mimi ulinipiga kofi kwa jambo hili. Mimi niliye damu yako. Huyu anapiga mswaki alasiri karibu iingie, na wewe unamwachamia? Sheria ilikuwa ya kwangu peke yangu? Sema basi, mama, sema kwamba unampenda yeye, nijue, nipumzike."

Wifi akainuka aondoke. Mama akamshika kanga kwa mkono mzima, akamkalisha. Akanitazama mimi. Midomo yake ilichukua muda kujipanga.

"Sheria ni ya mutu mwenye kufunga," akasema. "Mi siko nafunga, na uyu ananitafunia mi. Kinywa ya mutu asiyefunga inanuka bure."

Hakuwa amemaliza.

"Asubui ukiniinua, unatazama ukuta."

"Mama, nilikuwa natafuta nguvu."

"Apana. Mi nilikuzaa, nakujua. Chakula inabaki apa," akagusa shavu lake lililolala, "inaoza, inanuka, na we unageuza uso. Ndiyo namuomba uyu anisafishe mara ya pili, kabla ya we kurudi. Nataka ukirudi unitazame."

Wifi alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea uzi wa mkeka. Alikuwa anajua muda wote, na hakuniambia. Hata kwa hilo nilimwonea wivu, kwamba walikuwa na siri, na siri yenyewe ni mimi.

Nikavua viatu, nikakaa mkekani. Nikanyoosha mkono kwa wifi. Akanipa kijiti, ncha imeshalainika, nyuzi zimefunguka vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza, na niseme kweli, hilo nalo liliniuma. Nikashika kidevu cha mama. Ilikuwa nusu saa tangu anywe uji wake na harufu ilikuwepo, nzito, ya uji uliochachuka na dawa. Nikasogeza uso karibu, nikasugua jino moja moja, nikapita nyuma ya shavu lile, nikatoa makombo kwa kidole. Macho yake yalikuwa wazi safari hii. Ananitazama, anahakikisha.

Wifi akaleta maji kwenye bakuli, mama akasukutua, akatema. Nikamfuta mdomo kwa upindo wa kanga yangu.

"Na we," mama akasema. "Achama."

"Mama! Mimi ni mtu mzima."

"Achama!"

Nikaachama. Nilikuwa sijaonja tone tangu alfajiri, na fizi zangu mbovu, najua nilivyokuwa nanuka. Mama akanivuta shingo kwa mkono wake wenye nguvu, akaleta pua mpaka karibu na meno yangu. Akanusa, tena akanusa, na uso wake hakuugeuza.