Mzigo Ulioachwa Mlangoni

Sisi Wasabato wa nyumbani kwetu huzima simu Ijumaa jua likizama, na kuiwasha Jumamosi jua likizama. Hilo sina haja ya kulitetea. Ijumaa hiyo nilizima yangu huku nikisubiri dawa ya sukari ya mama kutoka Kisumu: chupa mbili, zimefungwa pamoja na barafu. Zilikuwa zifike mchana. Hazikufika.

Chupa ya zamani ilibaki na dawa ya Jumamosi asubuhi tu. Asubuhi hiyo nilimdunga mama, nikamwachia samaki na kuon, ugali wetu, mezani, nikaenda Kendu Bay kwa mkutano wa makanisa. Sindano ya jioni nilimwachia Mungu.

Mama nilimtoa kijijini Karungu baada ya sukari kumwangusha shambani. Fleti yetu ya Homa Bay iko ghorofa ya tatu. Wiki ya kwanza tu alishuka kutafuta watu wa kuongea nao, akateleza kwenye ngazi, akavunjika mkono. Tangu hapo, nikitoka nafunga mlango kwa kufuli, kwa nje. Usinitazame hivyo. Majirani wote walijua na hakuna aliyesema neno.

Jua lilipozama tulikuwa njiani kurudi na basi la kanisa. Nikawasha simu, jumbe za mtu wa bodaboda zikamiminika. "Madam niko kwa mlango." "Madam simu yako haishiki." "Madam mlango iko na kufuli." Wa mwisho ulikuwa wa saa sita mchana: "Nimeacha mzigo."

Ameacha! Saa sita ya Homa Bay, jua lile la kukaushia dagaa wa omena, na dawa inayotaka baridi iko sakafuni mlangoni? Nikampigia.

"Wewe bwana, uko na akili kweli? Dawa ya mgonjwa unaitupa kwa mlango kama gunia la makaa, unaenda zako? Mama yangu akizidiwa utakuja kunizikia?"

Basi zima likanigeukia. Mzee wa kanisa akakohoa. Nilimaliza yote niliyokuwa nayo, na yule bwana akaningoja nimalize.

"Madam, mzigo haiko kwa mlango. Niliweka chini, nikageuka niende, nikasikia mtu anaongea huko ndani. Dani mmoja, nyanya mzee kabisa. Akaniuliza kama nimekula."

Nikaibana simu sikioni.

"Nikamwambia bado. Akasema kuna samaki lakini mlango haifunguki kwa ndani. Halafu akaniambia hiyo dawa inataka baridi, nipeleke kwa friji ya duka pale chini. Nikapeleka. Nikarudi kumwambia nimeweka. Akaniomba nikae kidogo."

"Ukakaa?"

"Mpaka saa tisa. Wateja wamenipigia mpaka wakachoka, lakini ningefanya aje? Kila nikisema naenda, anauliza kitu ingine. Mimi ni mtoto wa nani, shamba letu liko wapi, nani ananipikia."

Nilisema asante. Haikutoka vizuri.

Chupa nilizikuta dukani katikati ya soda, baridi kabisa. Nikapanda ngazi, nikafungua kufuli. Siku nyingine zote hulifungua bila hata kulitazama. Siku hiyo nilikosea tundu mara mbili. Aibu ilinishika, tena aibu ya kweli.

Mama alikuwa amevuta kiti hadi mlangoni, amekaa hapo na mkono wake uliovunjika mapajani. Hakulalamika. Alichungulia tu nyuma yangu, kwenye ngazi.

"Uko peke yako?" akauliza. "Yule mtu wa pikipiki hukuja naye? Nimemwekea samaki."

Kweli, mezani kulikuwa na sahani moja imefunikwa kwa nyingine. Nusu ya chakula chake.

Nilimdunga kwanza. Halafu nikampigia yule bwana, nikamwambia aje, chakula chake kiko mezani na mlango uko wazi.